Mkwe Hapimwi Kiuno

Kitendawili: nina wana watano, mmoja anakula sufuria nzima, mwingine anakula kijiko, na mgeni akiuliza, mama yao anajibu, "Wote wamekula sawa." Mji sihitaji, jibu nawapa bure. Ni masomo ya chuo cha ushonaji, na anayesema yanalingana hajawahi kukaa meza moja na Mwalimu wa Taaluma.

Wanafunzi walimwita Desimali, na si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa hesabu zisizokatwa. Ukimwambia, "Tuonane kama saa nne hivi," anakuuliza hiyo "kama" ni dakika ngapi na hiyo "hivi" ni dakika ngapi. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya vitambaa na darasa la kudarizi. Ndani mlikuwa na meza moja, kikokotoo ambacho kitufe chake cha saba kimezama mpaka ukifuate kwa ncha ya kalamu, na sanamu ya kuvalishia nguo iliyopoteza mikono na miguu, imebaki kiwiliwili, imeegemea ukuta kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Siku hiyo mwenye habari mbaya alikuwa Mwalimu mwenyewe. Alikwishakokotoa wastani wa darasa zima la mwaka wa kwanza, akabakiza mwanafunzi mmoja aliyekuwa anamruka tangu asubuhi kama dimbwi la mlangoni. Mwanafunzi huyo alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu, mjane wa siku nyingi, alilea mabinti wawili. Mkubwa ndiye mke wa Mwalimu, na mdogo bado yuko nyumbani, anafanya kazi duka la dawa. Watoto walipokua, mama akasema mtu akikaa bure anaota kutu, akaenda kujiandikisha chuo kile kile anachofundisha mkwewe. Gauni alishona tangu zamani, sketi alishona, suruali za watoto alishona gizani umeme ukikatika. Alichokitaka ni koti. Koti lenye bitana, lenye mabega yanayosimama yenyewe hata mwenyewe akiinama. Koti linafundishwa mwaka wa pili, na mwaka wa pili haingii mtu mwenye wastani chini ya tatu. Majirani alikwishawatangazia: "Mwakani mtavaa makoti yangu." Mmoja alikwishaleta kitambaa.

Mwalimu akashusha pumzi, akaanza. Masomo ni matano na kila somo lina uzito wake, kwa kadiri ya saa linazofundishwa kwa wiki. Kukata na Kushona, uzito sita. Vipimo, tano. Hesabu za Kitambaa, nne. Utunzaji wa Cherehani, tatu. Kudarizi, mbili. Jumla ishirini. Daraja A ni pointi nne, B tatu, C mbili, D moja. Unazidisha pointi kwa uzito, unajumlisha, unagawanya kwa ishirini.

Mama alikuwa na A ya Kushona: ishirini na nne. A ya Kudarizi: nane. B ya Hesabu: kumi na mbili. B ya Cherehani: tisa. Mpaka hapo Mwalimu alikuwa anatabasamu. Kisha ikaja Vipimo, na Vipimo ilikuwa D: tano. Jumla hamsini na nane. Gawanya kwa ishirini.

Mbili nukta tisa.

Akarudia. Akarudia tena, akidhani labda kitufe cha saba ndicho kinachomchezea, ingawa katika hesabu ile hapakuwa na saba hata moja.

Jioni alirudi nyumbani miguu mizito. Waliishi ua mmoja na mama mkwe, mlango kwa mlango, na kabla hajavua viatu alisikia vigelegele.

"Karibu, mkwe! Leo paja la kuku ni lako!" Mama alikuwa amesimama katikati ya ua na mwiko mkononi. "Nimejipigia hesabu mwenyewe. Nne, nne, tatu, tatu, na kale kamoja kako ka Vipimo. Kumi na tano! Gawanya kwa masomo matano. Tatu! Mlango unataka tatu na mimi nina tatu. Nimeingia kwa ncha ya kidole, lakini nimeingia!"

Mwalimu akatazama kuku aliyefungwa miguu kando ya jiko. Kuku akatazama juu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Habari njema mkwe anampa mkwe uso kwa uso. Habari mbaya hapana, ni utovu wa adabu. Habari mbaya inapitia kwa mke, hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja na magoti yanagusana. Kwa hiyo Mwalimu alipokaa na kusema, "Mama watoto, mwambie mama…" mwiko ulishuka taratibu.

"Enhe," mke akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie masomo hayalingani."

"Mama, masomo hayalingani."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mumeo, hayalingani vipi wakati yote niliyakalia benchi moja, na benchi lenyewe lina msumari?"

"Anasema…"

"Nimesikia," Mwalimu akasema. "Mwambie, mtu akienda sokoni akanunua gunia la mchele na kiberiti, hawezi kusema amebeba vitu viwili vinavyolingana."

Mama akafikiri. "Mwambie mumeo anitajie kiberiti ni kipi."

"Kudarizi."

"Kudarizi!" Mama akasahau desturi, akakumbuka, akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo vidole hivi vimetobolewa na sindano mpaka unaweza kuchujia chai. Kisha ni kiberiti! Na gunia?"

"La kwanza ni Kushona, na hilo mama amelibeba vizuri sana. La pili ni Vipimo." Mwalimu akamgeukia mkewe. "Mwambie Vipimo imemvuta chini. Ana mbili nukta tisa. Amepungukiwa pointi mbili kwenye jumla, na koti linakataa."

Hapo hata kuku aliinamisha kichwa. Mke ndiye aliyesema kwanza. "Sasa mama apate D ya Vipimo kwa lipi? Mama anaweza kumpima kuku anakimbia!"

Mwalimu akatazama vidole vyake vya miguu. Mama akaanza kukoroga sufuria isiyo na kitu.

"Kuna nini hapa?" mke akauliza. "Semeni!"

Ikabidi aambiwe. Mtihani wa Vipimo ni wa vitendo. Mwanafunzi anachukua tepu, anampima mtu vipimo sita: shingo, bega, mkono, kifua, kiuno na mguu wa ndani. Zamani walipima sanamu, lakini sanamu imebaki kiwiliwili, na suruali haipimwi kwa kiwiliwili. Ndipo Mwalimu mwenyewe akawa sanamu. Kila mwaka anapanda juu ya kigoda, ananyoosha mikono, wanafunzi wanampima mmoja mmoja. Vipimo vyake anavijua kwa kichwa tangu suti ya harusi, kwa hiyo kusahihisha ni rahisi.

Ilipofika zamu ya mama, alikaribia mpaka hatua tatu, akasimama. Shingo aliikadiria kwa jicho. Bega, mkono na kifua alikadiria huku amegeukia dirisha. Penye kiuno aliandika, "Huyu ni mkwe wangu." Penye mguu wa ndani aliandika, "Nimeshasema."

Mke alicheka mpaka akalala mkekani, akapiga mkeka kwa kiganja, akaomba maji.

"Cheka," mama akasema. "Ningepitisha mkono wapi mimi? Watu wazima na heshima zao!"

"Sasa, mume wangu," mke akasema alipopata pumzi, "pointi mbili tu. Si umwongezee tu yaishe? Nani atajua?"

"Kikokotoo kitajua."

"Jamani, mwanamume huyu, hata chumvi anatia kwa kuhesabu punje!"

"Mwache," mama akasema, na safari hii alisema kwa upole. "Hesabu ni hesabu. Sitaki cha kuongezewa. Koti la kuongezewa hupasukia kwapani, tena kanisani au msikitini, mbele za watu. Ila mwambie mumeo: kupima najua. Nipeni mtu wa kupima asiye mkwe wangu. Nikishindwa hapo, kile kitambaa cha jirani nitamrudishia mwenyewe, kwa mikono yangu."

Akaingia ndani. Paja la kuku Mwalimu alipewa, maana ahadi ni ahadi, lakini lilimkwama.

Kesho yake alikwenda kwa Mkuu wa Chuo. Huyu alikuwa mama mnene wa mwili na wa sauti, miwani imening'inia kifuani kwa utepe wa pindo, hana muda na mtu. Alisikiliza yote bila kucheka, na hilo lilimgharimu, maana Mwalimu aliona kidevu kinatetemeka.

"Kurudia mtihani, ruhusa," akasema. "Lakini wenzake wote walikupima wewe. Wasije wakasema yeye amepewa mtu mwepesi. Mtafute mwanamume mwenye vipimo kama vyako, na mtihani ufanyike mbele ya darasa."

"Hilo si tatizo," Mwalimu akasema. "Kiuno changu ni themanini na mbili. Kinyozi wa mbele ya geti ni themanini na mbili. Ni mimi mtupu."

Kinyozi akaletwa, kijana mpole mwenye kitana kwenye nywele na aproni bado shingoni. Darasa likajaa, hata mwalimu wa kudarizi, mama wa chumba cha pili, akaja kutazama. Mama alikuwa mbele, tepu shingoni, amefunga kilemba cha vita. Mwalimu akasimama bega kwa bega na kinyozi ili Mkuu ahakikishe kwamba wanalingana.

Mkuu akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni ufito. Wewe ni mzinga. Mnalingana wapi?"

"Themanini na mbili, Mkuu. Kiuno hakidanganyi."

"Njoo hapa." Akatwaa tepu ya mwanafunzi wa karibu, akamzungusha. "Toa pumzi."

"Nimetoa."

"Mwalimu. Toa pumzi."

Pumzi ikatoka, na tumbo likatoka nayo, likakaa juu ya tepu kama mgeni aliyepata kiti. "Tisini na saba," Mkuu akasoma.

Darasa likalipuka. "Ndivyo tulivyoandika!" "Sote tuliandika tisini na saba, ukatukata!" "Mimi umenipa C kwa ajili ya tumbo lako, Mwalimu!"

"Mbona hamkusema?" Mwalimu akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Tulisema! Ukasema tepu zetu zimelegea!"

Mwalimu alishika meza. Mwaka mzima alilalamika ofisini kwamba darasa hili lina vichwa vigumu, hata kiuno cha mtu aliyesimama wima hawakioni. Yeye ambaye hakati hata nukta sifuri sifuri moja, alikuwa amejikata sentimita kumi na tano, akaziacha suti ya harusi izihesabu.

"Mkuu," mama mkwe akasema kwa heshima kubwa, "mwambieni mkwe wangu asione haya. Kile ni chakula changu." Na akatazama pande zote, kama mkulima anayeonyesha mavuno.

"Madaraja ya Vipimo ya darasa zima yatasahihishwa upya," Mkuu akaamua, "na wastani wote utakokotolewa upya. Ila wewe, mama, kiuno hukuandika cha kusahihishwa, uliandika undugu. Mtihani wako uko pale pale. Mpime huyu kinyozi, ufito au si ufito, nimechoka kutafuta."

Kinyozi akapanda juu ya kigoda. Mama akaja, na alipokuja safari hii hakukadiria kwa jicho. Tepu ilizunguka shingo, ikaandikwa. Bega, likaandikwa. Mkono, kifua, haraka, mkono mwepesi kama wa mtu anayemvisha mtoto wa shule. Mwalimu, aliyekuwa amejibanza pembeni akijaribu kuingiza tumbo, alianza kupata matumaini. Mama akashusha tepu kuelekea kiunoni, huku anapiga soga ili mtu asione aibu.

"Umeoa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Vizuri. Basi usije ukaja kuoa kwangu, maana nikishapima hapa, wewe si mkwe wangu tena milele." Akacheka mwenyewe.

Kinyozi hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, na kwa kuwa alikuwa juu ya kigoda, hatua hiyo ilimfikisha chini.

"Mama," akasema, "samahani. Hapo usipime."

"Kwa nini?"

Kijana akashika aproni yake kwa mikono miwili. "Nina nia."

"Nia ya nini?"

"Ya… ya nyumbani kwako, mama. Duka la dawa. Nimekuwa nanunua dawa ya kikohozi, na sina kikohozi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka barabarani. Mama aliachia tepu kama iliyomuunguza, akajifunika mdomo kwa kilemba. Mkuu akagonga meza kwa rula. "Huu ni mtihani! Si ukumbi wa posa!"

"Nia hiyo itazungumzwa nyumbani," mama akamwambia kinyozi, akitazama dirishani, maana tayari heshima ilikwishaanza. "Na uache kunywa dawa za watu."

"Mlinzi!" Mkuu akaita. "Mwiteni mlinzi wa geti. Mtu mzima, ametulia, mabinti hawamhusu."

Mlinzi akaja, mgane wa miaka mingi, mrefu, kofia kichwani. Akaelezwa. Akatikisa kichwa.

"Mimi kupimwa na mama huyu, hapana."

"Na wewe unamtaka binti?" Mkuu akapiga ukelele.

"Aah, Mkuu! Binti ni mwanangu kabisa." Mlinzi akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuwa nasubiri mama mwenyewe amalize masomo kwanza, nisije nikamvurugia."

Safari hii hata vigelegele vilichelewa. Mama ndiye aliyesema, na desturi yote ilimtoka: "Mzee wewe! Si ndiwe unayenichelewesha getini kila asubuhi mpaka nigonge na kuita, 'Fungua, fungua'?"

"Ndimi."

"Sasa?"

"Ndiyo sauti pekee ninayoisikia siku nzima."

Mama akakaa kwenye benchi, penye msumari, na hakuhisi.

Mwalimu akafumba macho. Aliona pointi mbili zinaondoka, zimeshikana mikono. Aliona kitambaa cha jirani kikirudi kwa mwenyewe. Akatamani angekuwa mtu wa kuongezaongeza.

"Nipisheni!" Mkuu wa Chuo akavua viatu, akamkabidhi mwanafunzi miwani yake, akapanda juu ya kigoda, nacho kikalia. "Nipime mimi. Mimi nina mume, nina watoto, nina wajukuu, na sina nia na mtu yeyote katika chumba hiki. Wanaume, geukeni ukutani. Mwalimu wa kudarizi, utanipima baada yake, tulinganishe."

Wanaume wakageuka. Mwalimu alitazama chokaa ya ukuta, hajui kinachoendelea ila kwa masikio.

"Usisogee, Mkuu."

"Sijasogea. Nyie wa nyuma, acheni kunong'ona!"

"Umesogea, Mkuu."

"Andika."

"Toa pumzi, Mkuu."

"Nimetoa!"

"Mkuu…"

Wanaume wakatazama chokaa kwa bidii zaidi. Kisha ikaja pumzi ndefu, na sauti ya Mkuu, imeshuka: "Andika tu, mama. Usitangaze."

Mwalimu wa kudarizi naye akapima, karatasi mbili zikaletwa kwa Mwalimu, akaziweka sambamba, jasho linamtoka. Shingo, sawa. Mkono, sawa. Kiuno, sawa sawia, na hakuthubutu kukisoma kwa sauti. Mguu wa ndani, sawa. Bega halikukaa, kwa sababu Mkuu alikuwa anageuka kugombeza watu, na kifua vivyo hivyo. Vinne kati ya sita.

"C," akasema. "Pointi mbili. Mara tano, kumi." Kikokotoo hakukitaka tena. "Hamsini na tatu za masomo manne, ongeza kumi, sitini na tatu. Gawanya kwa ishirini." Akageuka, akamtazama mama mkwe uso kwa uso, kwa kuwa hii haikuhitaji kupitia kwa mtu. "Tatu nukta moja tano, mama. Umeingia mpaka kisigino."

Mama akainuka kwenye benchi. Watu walidhani atalia.

"Mbona si B?" akasema. "Mabega ameyageuza mwenyewe! Na ile B ya Cherehani nayo, nani alitia mafuta mashine zote tisa? Ni mimi! Hebu leta hesabu tuione vizuri."

Hapo ndipo Mwalimu alipotambua kosa lake kubwa la siku: alikokotoa mbele za watu. Darasa zima lilikuwa limejipanga nyuma ya mama, kila mmoja na tepu yake, kila mmoja na daraja lake la kulalamikia, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa ameinyoosha tepu tayari.

"Panda kigodani, Mwalimu," akasema. "Tuanze na wewe."

Mama mkwe akageukia dirisha kwa heshima, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kutafuta lilipo darasa la makoti, awahi kiti kisicho na msumari. Kinyozi alimfuata kwa mbali, macho chini. Na mama alipotoka kwenda nyumbani, geti, wanasema waliokuwepo, lilikuwa wazi pande zote mbili kabla hajalifikia, naye akasimama hapo akitazama huku na huku, hana cha kugonga.